Simu iliyozimwa machimboni

Makongolosi, wilayani Chunya, ni mji wa watu waliokuja kutafuta. Tangu dhahabu ya Lupa ianze kuvuta watu miaka ya 1920, wachimbaji hawajaacha kumiminika huko kutoka kila pembe ya nchi, na wengi waliaga kwao kwa ahadi: nyumba ya bati, mtaji wa duka, ada ya mdogo wao. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likitema dhahabu, nyumbani hupigiwa siku hiyohiyo. Miezi ikipita bila gramu ya maana, wapo wanaozima simu.

Si ukaidi. Ni aibu ya mtu anayeona hana haki ya kusikika kwao mpaka atoboe.

Mwaka 1991, wanasaikolojia wa Kanada Paul Hewitt na Gordon Flett walieleza kwamba tamaa ya ukamilifu ina sura tatu. Yupo anayejikatalia kosa lolote, yupo anayewakatalia wenzake, na yupo anayeamini kuwa watu hawatamkubali akiwa na dosari. Sura hii ya tatu, inayofanana na ya mchimbaji aliyezima simu, ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa tafiti nyingi zimeihusisha na sonona na mawazo ya kujiua. Thomas Curran na Andrew Hill walipochambua takwimu za wanafunzi zaidi ya 41,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza, za kuanzia 1989 hadi 2016, waliikuta ndiyo iliyoongezeka kwa kasi kuliko zote.

Upweke huingia taratibu. Anayeficha dosari zake hamruhusu mtu amsogelee. Wenzake humwona anajitenga, nao wanakaa mbali. Yeye huhesabu umbali huo kuwa ushahidi kwamba hafai. Kambi inaweza kujaa watu, karasha za kusaga mawe zikanguruma mchana kutwa, na bado asiwepo hata mmoja wa kumwambia, "Nimefulia, sijui nifanyeje." Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2025 kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka.

Dawa yake si ya ghali. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaani kukaa benchini na kuwasikiliza wenye mawazo. Katika utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016, baada ya miezi 6 dalili za sonona zilikutwa kwa takriban asilimia 14 ya waliopata huduma hiyo, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Ndugu wenye mtu machimboni, mkimpata hewani muulizeni kwanza amelalaje na amekula nini. Habari ya fedha isubiri. Naye akikosa usingizi na hamu ya maisha kwa wiki mbili mfululizo, aende zahanati iliyo karibu aeleze, ili ikibidi apewe rufaa ya kwenda Mbeya.