Rivolva za Hartford zapanda bei baada ya kiwanda kufungwa

Mwaka 2013 kampuni ya U.S. Fire Arms ya Hartford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, iliingiza sokoni bastola ya plastiki iitwayo ZIP .22, bei yake dola 200 hivi. Ili kuikoki, mpigaji alisukuma fimbo fupi zilizotokeza juu tu ya mdomo wa mtutu, kidole kikiwa jirani na pale risasi inapotokea. Risasi zilikwama ovyo, wanunuzi wakaikimbia, na 2017 kampuni ikafunga milango. Wapo wachache wanaoitunza ZIP kama kioja. Fedha za maana zinakwenda kwingine, kwenye bidhaa ambayo kampuni hiyo hiyo iliiacha ili kuitengeneza ZIP: rivolva za chuma za mtindo wa karne ya 19, ambazo mpigaji lazima avute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi.

Asili ya mtindo huo ni Colt ya 1873, bastola ya jeshi la Marekani iliyokuja kujulikana dunia nzima kupitia filamu za kauboi. U.S. Fire Arms ilianzishwa 1993, ikifanya kazi katika majengo ya kale ya kiwanda cha Colt, chini ya kuba lile la buluu linaloonekana na kila apitaye Hartford kwa barabara kuu. Mwanzoni ilitegemea vipuri kutoka kwa kampuni ya Uberti ya Italia, ikivimalizia na kuviunganisha Hartford. Baadaye ikaanza kutengeneza kila kitu Marekani, na hapo ndipo sifa yake ilipopanda. Watu wa fani hii walizilinganisha bastola zake na za Colt yenyewe, na wengi wakasema za mwanagenzi zilikuwa nadhifu kuliko za mwalimu.

Sifa hiyo ina gharama yake. Fremu hufungiwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na mkaa wa mifupa na wa kuni, ikaokwa tanuruni kwa saa kadhaa, kisha vyote vikamwagwa kwa mpigo mmoja ndani ya maji. Uso wa chuma unakuwa umenywa kaboni na kukakamaa, nao hutoka na mawimbi ya buluu, kahawia na kijivu yasiyofanana kati ya fremu moja na nyingine. Rangi hizo hufifia zikianikwa juani mara kwa mara, kwa hiyo mnunuzi makini huanza na hizo. Halafu hugeukia skrubu: mfuo uliochubuka unamaanisha kuna mtu aliifungua bastola kwa bisibisi isiyoufaa. Mwisho hutazama silinda. Bastola ya aina hii ikikokiwa mara nyingi hujichora mstari mwembamba kuizunguka silinda, na mstari huo humwambia mnunuzi mengi ambayo muuzaji hakuyataja.

Ndiyo maana si kila bastola ya kampuni hii imepanda sawasawa. Rodeo, iliyokuwa toleo la bei nafuu lenye rangi isiyong'aa, ilikuwa na mashine ile ile ndani, na leo huuzwa kwa zaidi ya bei yake ya dukani. Hata hivyo fedha nyingi huenda kwa zile zilizotoka kiwandani na fremu za rangi za tanuru, hasa zikiwa bado na sanduku na karatasi zake.

Je, huu ni uwekezaji? Tuseme mtu alinunua Rodeo 2008 kwa dola 600 akaiuza 2023 kwa dola 1,200. Mdomoni ni faida ya asilimia 100. Lakini mfumuko wa bei Marekani katika kipindi hicho ulikuwa takriban asilimia 40, kwa hiyo dola zake 600 tayari zilikuwa sawa na 840. Toa kamisheni ya mnada. Kisha kuna serikali ya shirikisho, ambayo faida ya vitu vya ukusanyaji vilivyokaa zaidi ya mwaka huweza kuitoza hadi asilimia 28, kiwango kilicho juu ya kile cha hisa. Kinachobaki ni kitu, lakini si utajiri.

Sheria nayo inabana soko. Silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla ya hapo huhesabiwa na sheria ya shirikisho kuwa ya kale, na haihitaji muuzaji mwenye leseni. Iliyotimiza miaka 50 humruhusu mkusanyaji mwenye leseni maalumu kuipokea moja kwa moja hata kutoka jimbo jingine. Bastola za U.S. Fire Arms hazimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Ya kwanza kabisa itafikisha miaka 50 mwaka 2043. Hadi wakati huo, biashara ya kutoka jimbo hadi jimbo lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, naye ana ada yake. Kwa msomaji wa Nairobi au Dodoma, ambako kibali cha bastola moja ni safari ndefu ya ofisi hadi ofisi, hata huo unaonekana uhuru wa kupindukia.

Wapo wanaoamini kwamba kiwanda kikisimama, bei haina pa kwenda ila juu. Colt yenyewe iliwahi kuwaumbua. Iliacha kutengeneza bastola ya 1873 mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza Ulaya, ikidhani siku zake zimekwisha. Televisheni ikaleta vipindi vya kauboi, mshindani wake Ruger akatoa rivolva ya mtindo huo, Single-Six, mwaka 1953, na 1956 Colt ikarudi mtamboni. Bastola za kabla ya vita zilibaki na heshima yake, ila aliyetaka tu kupiga shabaha kwa Colt hakulazimika tena kumbembeleza mkusanyaji. Tofauti ni kwamba Colt ilikuwa hai. U.S. Fire Arms haipo tena, na hata mtu akilinunua jina lake, hatapata mafundi wale.

Kinachonitia shaka ni upande wa wanunuzi. Bastola hizi zilibebwa na mchezo wa kulenga shabaha kwa mavazi ya kauboi, uliochipuka California miaka ya 1980, na wengi waliouanzisha sasa ni wazee. Mirathi yao inapoanza kugawanywa, watoto wasiozijua filamu zile watapeleka masanduku mnadani, pengine mengi kwa mwaka mmoja.