Sauti ya zumari imo katika ulimi

Chukua mrija wa soda, ule ambao watoto wa hapa Musaga, Bujumbura, huutafunatafuna chupa ikiisha. Ubane ncha moja kwa meno mpaka ilale bapa, kisha uikate pembe mbili kwa mkasi, ibaki mfano wa ncha ya mkuki. Itie ncha hiyo ndani ya midomo, upulize kwa nguvu. Mwanzoni pumzi itapita bure. Sogeza midomo, kaza kidogo, na mrija utalia kama bata. Hapo umekwisha kuunda ala ya ndimi mbili, ndugu wa zumari ya mwambao na oboe ya Ulaya.

Zile pande mbili ulizozikata hupigana: hufunga na kufungua njia ya pumzi mamia ya mara kwa sekunde, na hewa iliyomo ndani ya mrija huamua kasi yake. Umwironge, filimbi yetu, hauna kitu hicho, maana pumzi ya mpigaji hukatwa na ukingo tu. Inzamba, baragumu yetu ya pembe, nayo hulizwa na midomo ya mpigaji mwenyewe, kama ilivyo siwa ya Lamu, ambayo wengi huichanganya na zumari kwa sababu zote ni za sherehe. Siwa ni baragumu. Zumari ni ukoo mwingine.

Nimewahi kuishika zumari ya mwambao na kuiangalia kwa utulivu. Mwili ni wa mti uliotobolewa matundu ya vidole, na chini unafunguka kama ua. Juu kuna kijibomba cha shaba, na juu ya kijibomba hicho umefungwa kwa uzi ulimi wa jani kavu, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kuna pia kisahani ambacho midomo huegemea. Mpigaji huumeza ulimi wote ndani ya kinywa, mashavu yakajaa, na mashavu hayo ndiyo ghala lake: yakisukuma pumzi nje, pua inavuta nyingine. Ndiyo maana katika ngoma ya chakacha au ya sengenya ya Wadigo wimbo waweza kwenda muda mrefu bila kukatika.

Na kwa nini inalia kwa ukali ule? Sisi tuliozoea mshindo wa ingoma tunaweza kulielewa jambo hili upesi. Nguvu kubwa ya ngoma imo katika sauti nzito. Ulimi wa zumari, kwa kuwa hujifunga kabisa kila unapopiga, huzaa sauti nyingi nyembamba juu ya ile moja tunayoiita noti, na nyingi kati ya hizo huangukia mitetemo 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde, pale sikio la binadamu lilipo makini zaidi. Ngoma kumi haziizimi. Anayeiita zumari ala ya makelele anaihukumu nje ya mahali pake: ilitengenezwa kwa ajili ya uwanja, si sebule.

Umbo la ndani nalo lina kazi. Mrija wako wa soda ni sawasawa kutoka juu hadi chini, na ukiwa na sentimita 20 utatoa mitetemo 400 hivi kwa sekunde. Bomba la urefu huohuo linalopanuka kidogo kidogo, kama la zumari, hutoa karibu mara mbili ya hiyo, na ukilipuliza kwa nguvu zaidi huruka oktava nzima.

Jina zumari limetoka Kiarabu, na ukoo wake umetawanyika njia zote za biashara na dini: surnay ya Uajemi, zurna ya Uturuki, shehnai ya India, suona ya China, algaita ya Wahausa. Ulaya nayo ilikuwa na ala za aina hii tangu Karne za Kati. Ufaransa waliiita hautbois, na msomaji wa Bujumbura anayejua Kifaransa asidanganywe na neno haut: hapo maana yake ni sauti kubwa, si urefu. Katika karne ya 17, mafundi wa zama za mfalme Louis XIV, ukoo wa Hotteterre miongoni mwao, waliigawa vipande vitatu, wakaipunguza upana wa ndani, wakaondoa kisahani ili midomo iushike ulimi yenyewe. Ndipo ikawa oboe, ikapata upole wa kuingia ukumbini. Oboe nyingi za leo huchongwa kwa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji, mzito hata ukitiwa majini unazama.

Lakini mti si sauti. Katika makaburi ya kifalme ya Ur, Iraki, yalichimbuliwa mabomba ya fedha yenye umri wa miaka 4,500 hivi. Fedha ipo, matundu yapo, ulimi umeoza, na wataalamu wanabishana mpaka leo kama ulikuwa ulimi mmoja au ndimi mbili. Zumari iliyotundikwa ukutani bila ulimi wake iko katika hali hiyohiyo: ni gongo lenye matundu.

Kwa hiyo ukienda Mombasa, Lamu au Unguja ukamkuta mzee mpiga zumari, usimrekodi akipiga tu. Mwombe kwa adabu akuonyeshe anavyolichagua jani, anavyolilowesha, anavyolikunja, anavyolikata na kulifunga. Rekodi mikono yake.