Daraja likivunjika Yangambi, raia amwendee nani?

YANGAMBI – Daraja la mbao likivunjika kwenye njia ya mashamba, mkaaji wa Yangambi amwendee nani? Swali hili dogo liko ndani ya mjadala mkubwa unaoendelea nchini: katiba ya mwaka 2006 ibadilishwe, au kwanza itekelezwe?

Mjadala huo ulipamba moto karibu na hapa. Tarehe 23 Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi aliwaambia wakaaji wa Kisangani, mji ulio kilometa 100 hivi kutoka Yangambi, kwamba katiba ya sasa haiendani na hali ya Kongo, na kwamba ataunda tume ya kuandaa nyingine. Wapinzani wake wanasema shabaha ni kumwongezea muda madarakani.

Kwenye karatasi, katiba hiyo inawapa raia wa ngazi ya chini mengi. Kifungu cha 175 kinasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na kwamba fungu hilo libaki palepale yanapokusanywa. Sheria ya Oktoba 2008 inaongeza kuwa 40% ya fungu la jimbo iende kwa miji, komuni, sekta na usheferi. Kwa hesabu rahisi, katika kila franga 100, franga 16 zingefika chini. Lakini hadi leo kiwango hicho hakijaheshimiwa. Pesa hupitia Kinshasa kwanza, na majimbo hungoja.

Kura nayo haijafika. Tarehe 20 Disemba 2023, madiwani wa komuni walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Mkaaji wa Makiso, Kisangani, alimchagua diwani wake; mkaaji wa Yangambi hakupewa nafasi hiyo. Gavana wa Tshopo huchaguliwa na wabunge wa jimbo. Msimamizi wa teritware ya Isangi, ambamo Yangambi imo, huteuliwa na Rais. Na tangu katiba iliporekebishwa Januari 2011, Rais anaweza kumwondoa gavana na kuvunja bunge la jimbo panapotokea mgogoro mkubwa wa kisiasa.

Majirani wanafanyaje?

Kenya nayo ilikuwa na wakuu wa mikoa walioteuliwa na Rais. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, na tangu Machi 2013 raia wenyewe humpigia kura gavana wao. Kaunti zimehakikishiwa angalau 15% ya mapato ya taifa. Ni asilimia ndogo kuliko yetu, lakini pesa hugawanywa kila mwaka kwa sheria, ingawa magavana hulalamika kwamba zinachelewa. Mwaka 2020, Seneti iliwaondoa magavana wawili, Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi.

Uganda ina mabaraza kuanzia kijijini, LC1, hadi wilayani, LC5, na mwenyekiti wa wilaya huchaguliwa na raia. Lakini kando yake yupo mwakilishi aliyeteuliwa na Rais. Na uchaguzi wa vijiji nao unaweza kukawia: baada ya ule wa 2001, wanavijiji walingoja hadi Julai 2018, walipojipanga mstari nyuma ya wagombea wao.

Tanzania haina magavana. Wakuu wa mikoa na wilaya huteuliwa na Rais. Hata hivyo, kila kijiji humchagua mwenyekiti wake, na sheria inataka mkutano wa kijiji usomewe mapato na matumizi. Katika uchaguzi wa Novemba 2024, chama tawala CCM kilitangazwa mshindi wa karibu viti vyote, na upinzani ukalalamika kwamba wagombea wake wengi walienguliwa.

Hakuna jirani asiye na kasoro. Lakini mwanakijiji wa Kagera anamjua mwenyekiti aliyempigia kura, na mkaaji wa Kisumu anaweza kumnyima gavana wake muhula wa pili.

Yangambi imezoea kuamuliwa mambo kutoka mbali. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililofanya Yangambi kituo chake kikuu, ambacho leo ni cha INERA. Ndizi iliyobeba jina la mji huu, Yangambi Km5, sasa hulimwa hadi Uganda na Tanzania. Ndizi imevuka mipaka, lakini madaraka hayajavuka hata njia ya kutoka Kinshasa hadi Isangi.

Kwa hiyo katiba ibaki au ibadilike, mkaaji wa hapa ana maswali mawili ya kumuuliza kila mwanasiasa atakayeshuka kwenye mtumbwi kuomba kura: pesa zetu zitafika lini, na nani kati ya wanaotutawala tutaweza kumwondoa wenyewe?