Alama za Kwapani: Kicheko na Dawa

Miongoni mwa aibu ndogo zinazomfika mtu nadhifu, na humfika yeye hasa kwa kuwa mchafu hana habari nazo, ni michirizi myeupe ya diodoranti, yaani dawa ya kikwapa, ijitokezayo ubavuni mwa gauni jeusi saa ile ile mwenyewe anapotoka mlangoni, na doa la manjano likaalo kwapani mwa kanzu nyeupe, likafuliwa na kufuliwa, likaanikwa na kupigwa pasi, lisiondoke. Watu huona haya kuyataja mambo haya hadharani. Walakini kila aliyehudhuria arusi za mwambao ameziona hila zinazotumika kuyasitiri, na baadhi ya hila hizo huchekesha kweli kweli.

Yuko bwana agawaye sahani za biriani hali viwiko vyake vimegandamana na mbavu kama mbawa za kuku aatamiaye mayai, asimkaribishe mgeni ila kwa viganja tu. Yuko mwingine avaaye koti la sufu juu ya kanzu, adhuhuri ya Dar es Salaam, wakati wa kaskazi, akatoa jasho jipya kwa ajili ya kulificha la zamani. Yuko na bibi ambaye mpiga picha akisema, “Nyanyueni mikono,” yeye hunyanyua mkoba. Lakini lililonipendeza kuliko yote ni jibu la bwana mmoja ambaye shemeji yake alimwuliza mbele ya jamaa, “Shemeji, mbona mkono haunyanyuki leo?” Naye akaunyanyua juu kabisa, alama ikaonekana na kila mtu, akasema, “Nimetia sahihi ya unadhifu, shemeji, na wino haujakauka.” Baraza zima lilicheka, wala hapana aliyelitazama doa tena. Rai yangu ni kwamba utani wa namna hii, ambao mashemeji wetu wana haki nao kwa desturi, ndio dawa ya kwanza, kwa sababu kinachomwumiza mtu katika doa si doa lenyewe bali fadhaa ya kulificha, na fadhaa nayo huzidisha jasho.

Ama alama hizi ni za aina mbili, na asiyezitenga huutibu ugonjwa kwa dawa isiyo yake. Mchirizi mweupe ni dawa yenyewe iliyokaukia juu ya nguo, haijapenya ndani ya nyuzi, na huo ni mwepesi. Doa la manjano ni jambo jingine kabisa. Mwanadamu ana tezi za jasho za namna mbili: zile zilizoenea mwili mzima, zitoazo maji na chumvi ili kuupoza mwili, na zile za kwapani na kinenani, ambazo huanza kazi mtu anapobaleghe, zikatoa majimaji yenye mafuta na protini. Jasho hilo likitoka halina harufu. Bakteria wakaao juu ya ngozi ndio wanaolivunjavunja, na harufu ikazaliwa. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za aluminiamu, ambazo huziba vinywa vya tezi kwa muda. Chumvi hizo zikichanganyika na jasho na kuingia katika pamba, hushikamana nayo na kuigeuza rangi. Wala si ajabu, kwani shabu, lile jiwe jeupe ambalo wazee wengi walijipaka kwapani, ni chumvi ya aluminiamu vile vile, na watia rangi wa nchi nyingi wameitumia tangu kale ili rangi iishike nguo isichujuke.

Waliotangulia kuzitumia dawa hizi walipata hasara kubwa kuliko yetu. Mwaka 1888 ilitolewa mjini Philadelphia, Marekani, malhamu iitwayo Mum, iliyopunguza harufu bila kulizuia jasho. Kisha mwaka 1912 binti mmoja wa Cincinnati, Edna Murphey, alipeleka katika maonyesho ya Atlantic City dawa ya maji aliyoibuni baba yake, tabibu wa upasuaji, ili mikono yake isitoke jasho akiwa kazini. Dawa hiyo, jina lake Odorono, ililizuia jasho barabara, lakini ilikuwa nyekundu, na tindikali iliyokuwamo iliwasha ngozi na kula nguo, hata wanunuzi wakausiwa waipake usiku kabla ya kulala na kungoja mpaka ikauke. Mwaka 1919 tangazo lake katika gazeti la Ladies' Home Journal lilisema waziwazi habari za kwapa la mwanamke, na wasomaji wapatao 200 wakaliacha gazeti hilo kwa ghadhabu, ilhali mauzo ya dawa yalipanda. Ni mwaka 1941 ndipo Jules Montenier alipopata hataza ya njia ya kuipunguza ukali tindikali ile, nguo zikapona kuliwa, zikabaki kuchafuka tu.

Usia ule wa Odorono ungali na faida hata leo. Usiku kwapa ni kavu, na dawa hupata nafasi ya kushika; anayejipaka asubuhi na angoje ikauke, wala asipake kwa wingi, kwani kinachozidi haja ya ngozi ni fungu la nguo. Nguo ya kupitisha kichwani ikunjwe upindo kwa nje kabla ya kuvaliwa, ili kinachogusa kwapa kiwe upande wa ndani. Mchirizi ukitokea juu ya hadhari hizo zote, usiutie maji, maana maji huutandaza; usugue polepole kwa soksi safi kavu. Basi ukimkuta mtu mlangoni pake ana soksi moja mguuni na ya pili mkononi, mpe nafasi, yumo katika kazi ya maana.

Doa la manjano lataka subira. Kosa kubwa lifanywalo majumbani ni kulimiminia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo aghalabu hulizidisha umanjano. Loweka mahali pale katika siki nyeupe iliyotiwa maji kwa muda wa nusu saa, usuuze, kisha upake uji mzito wa baikabonati ya soda ya kupikia, usugue kwa mswaki laini, ufue kwa maji ya vuguvugu. Kwa pamba nyeupe, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 iuzwayo katika maduka ya dawa hufanya kazi njema. Nguo ya rangi ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Siki wala ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, kwani hutoka hewa ya sumu idhuruyo mapafu. Na pasi isiguse nguo kabla doa halijatoka, maana moto huliimarisha.

Kanzu iliyoyakaidi yote hayo haijafikia kutupwa. Fundi stadi hukifumua kikwapa, kile kipande kitiwacho chini ya mkono, akatia kipya cha kitambaa kile kile, na kwa sababu hiyo ashonaye kanzu mpya afanye busara ya kumwomba fundi wake ampe mabaki. Awezaye sindano ashikize kwa ndani vipande viwili vya kanga kuukuu iliyolainika, vinywe jasho na dawa badala ya kanzu, navyo vifumuliwe na kufuliwa peke yake. Kanga hiyo iwe imekwisha kuchuja. Yenye rangi mbichi itampa mwenye kanzu doa jingine.