Taa ya nyuma ya baiskeli: Una hakika ingali inawaka?

JE, msomaji, unapoendesha baiskeli usiku, huwa unajuaje kuwa taa yako ya nyuma ingali inawaka?

Taa ya mbele ikizimika utajua papo hapo kwa sababu hutaiona njia. Ya nyuma haikupi habari yoyote. Inaweza kuzimika ukiwa Lanet nawe ukaendelea kukanyaga pedali hadi Mbaruk ukiamini kwamba madereva wanakuona.

Kwa sababu hiyo, unapokwenda kununua taa ya nyuma usitazame bei na ukali wa mwanga pekee. Jiulize kwanza: Je, taa hii itaendelea kuwaka mvua ikinyesha, ilhali mimi mwenyewe siioni?

Hesabu ya dereva

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu mbele yake hadi akanyage breki. Kufikia hapo gari limekwisha kwenda zaidi ya mita 30. Ukiongeza umbali ambao breki zenyewe huhitaji kwenye lami kavu, utapata karibu mita 70 kabla gari halijasimama. Lami ikilowa, umbali huo huwa mkubwa zaidi.

Sasa chukua mtu aliyevaa koti jeusi akiendesha baiskeli isiyo na taa. Dereva aliyepunguza taa zake ili asimwangaze anayekuja upande wa pili huenda asimwone mtu huyo hadi zimebaki mita 30 hivi. Yaani, anapomwona amekwisha kuchelewa.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Hii ya kugongwa kwa nyuma gizani ina kinga, nayo ni ndogo kiasi cha kuenea kiganjani.

Mvua na vumbi letu

Kwetu Nakuru, jua huzama karibu saa 12:30 jioni mwaka mzima kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, na giza huingia upesi. Nayo mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, hupenda kunyesha alasiri na jioni. Hivyo basi mfanyakazi anayerudi Bahati, au mwanafunzi anayetoka Egerton kwenda Njoro mjini, hukutana na mvua na giza kwa wakati mmoja. Wanaoishi Molo na Mau Summit wana ukungu wa kuongezea.

Kiangazi nacho kina adui wake. Jina Nakuru lenyewe husemekana kutokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na aliyewahi kuanika nguo hapa mwezi wa Februari hatabisha. Vumbi hilo huingia kwenye swichi na kwenye ule mpira unaozuia maji. Mvua ikija, mpira haubani tena na maji hupata njia.

Ya dainamo au ya betri?

Wazee wanaikumbuka dainamo, ile chupa ndogo iliyokuwa ikisuguana na tairi. Faida yake ni kwamba haihitaji kununuliwa betri. Hata hivyo, tairi likilowa dainamo huteleza na mwanga kufifia, na ukisimama kupisha gari taa huzimika kabisa. Ukiwa nayo, hakikisha una rifleta kando yake.

Siku hizi taa nyingi ni za LED, ambazo hutumia umeme kidogo na hazina uzi wa kukatika. Zinazotumia betri za kawaida hufifia polepole, kwa hiyo mtu aliye makini hupata onyo. Zile za kuchajiwa kwa waya kama simu mara nyingi huwaka vizuri hadi dakika ya mwisho, kisha zikazimika ghafla. Ukinunua ya aina hii, chagua yenye alama ya kuonyesha chaji inapopungua, na ujizoeze kuichaji siku maalumu kila wiki.

Soma namba kwenye pakiti

Muuzaji atakuambia taa haiingii maji. Wewe tafuta herufi IP na namba zinazozifuata. Namba ya kwanza huhusu vumbi na ya pili maji. Ukiona X mahali pa namba ya kwanza, ujue taa hiyo haikupewa kipimo cha vumbi.

Kwa upande wa maji, 4 ni ya kustahimili matone yanayoruka kutoka kila upande, 5 ni ya maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba, na 7 ni ya kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Kwa vumbi, 5 ina maana kwamba linaweza kuingia kidogo bila kuharibu kazi, na 6 kwamba haliingii kabisa. Kwa mazingira yetu, taa yenye IP65 inafaa kuliko yenye IPX4.

Ole wako, namba zaweza kuchapishwa na yeyote. Ndiyo sababu inafaa uijaribu mwenyewe.

Jaribio la nyumbani

Ikiwa taa inafunguka, weka kipande kikavu cha gazeti ndani yake na uifunge barabara. Iwashe, kisha uimwagie maji kutoka kwenye kopo lililotobolewa matundu kwa muda wa dakika kumi, ukiigeuza kila upande. Ipanguse, ifungue na utazame karatasi. Ikiwa imelowa, irudishe dukani. Taa isiyofunguka itazame asubuhi yake: ukungu ndani ya kioo ni ushahidi kwamba maji yameingia.

Ukiwa dukani, bonyeza swichi mara nyingi. Itikise taa ikiwa inawaka. Ikipepesa sasa, fikiria itakavyokuwa kwenye mashimo ya barabara ya mtaani kwenu.

Uifunge wapi?

Wengi hudhani maji huja kutoka juu peke yake. Mengi hurushwa na gurudumu lako mwenyewe kutoka chini, yakiwa na matope. Baiskeli yenye madigadi huokoa taa nyingi. Funga taa mahali ambapo mzigo wa keria au koti refu havitaifunika, na ielekee nyuma moja kwa moja, si angani wala ardhini. Tundu la kuchajia litazame chini na kifuniko chake kibane.

Kipande cha tyubu kuukuu kati ya taa na bomba hupunguza mtikisiko na kuzuia taa isizunguke.  Betri za kawaida zitoe ikiwa baiskeli itakaa wiki kadhaa, kwani huvuja na kuozesha vyuma.

Taa inayopepesa humshtua dereva mapema, lakini isiyopepesa humsaidia kukadiria umbali ulio kati yenu. Mwenye uwezo wa kununua mbili na awashe moja kwa kila namna. Mbili zina faida nyingine: hazitazimika zote kwa pamoja kwa urahisi.

Asiye na uwezo huo asikose rifleta nyekundu iliyo safi. Haina betri, haina swichi, na mvua haiidhuru. Hungojea tu mwanga wa gari na kuurudisha kwa dereva. Lakini ikipakwa matope haifanyi kazi, basi ipanguse kila jioni.

Wazazi, mwana wenu akiaga kutoka na baiskeli jioni, msimwambie tu "nenda salama." Mmoja wenu na asimame nyuma ya baiskeli hiyo, atazame kama taa inawaka, ndipo amruhusu aondoke. Yeye mwenyewe hawezi kuiona.