WAKUTUBI WA VIJANA NA USHIRIKI WAO KATIKA JUMUIYA YA KITAALUMA

Katika maktaba nyingi za umma, kazi ya kuwahudumia wasomaji hugawanywa katika sehemu mbili: sehemu ya watoto na sehemu ya watu wazima. Baina ya sehemu hizo wapo wasomaji ambao mara nyingi hawana mahali pao rasmi, nao ni wale wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Msomaji wa umri huo ameshavipita vitabu vya picha, na rafu za watu wazima bado hajazizoea. Akikaa na watoto huona haya. Akiingia chumba cha watu wazima hushukiwa kuwa amekuja kupiga zogo. Asipopata wa kumwongoza huondoka, na aliyeondoka katika umri huo si rahisi kumrejesha.

Maelezo haya yanahusu watumishi wanaowashughulikia wasomaji hao, yaani wakutubi wa vijana, na hususan faida na wajibu wa kushiriki katika jumuiya ya kitaaluma ya wakutubi wa aina hiyo. Mfano mkuu uliotumika ni wa Marekani, kwa kuwa huko jumuiya hiyo imekuwepo kwa muda mrefu na taratibu zake zinajulikana wazi.

MAANA YA NENO "VIJANA"

Kwanza inafaa neno lenyewe lifahamike. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unamhesabu kijana kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Katika ukutubi, neno hilo lina mipaka mingine: kijana ni msomaji wa miaka 12 hadi 18, yaani mwanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi na wa sekondari, pamoja na mwenzake wa rika hilo aliyeacha skuli. Hivyo basi, mtumishi anaposoma waraka wa mambo ya maktaba asichanganye maana hizo mbili.

CHANZO CHA KAZI HII

Kazi ya ukutubi wa vijana haikuanza kwa amri ya wakuu. Ilianzishwa na wakutubi wachache, kila mmoja katika mji wake, walioona pengo hilo na kutafuta njia ya kuliziba. Mwaka 1919 Maktaba ya Umma ya New York ilimkabidhi Mabel Williams kazi ya kushirikiana na skuli, na kuanzia mwaka 1929 maktaba hiyo ikawa inatoa orodha ya kila mwaka ya vitabu vinavyowafaa vijana. Mjini Cleveland, chumba maalumu cha vijana kilifunguliwa mwaka 1925.

Aliyeacha athari kubwa zaidi ni Margaret A. Edwards, aliyeingia Maktaba ya Enoch Pratt ya mjini Baltimore mwaka 1932. Edwards aliamini kwamba mkutubi asiyesoma hawezi kumshawishi kijana asome. Kila msaidizi mpya aliyekuwa chini yake alitakiwa kusoma vitabu 300 na kuvijadili naye, 10 kwa kila kikao, kabla ya kuhesabiwa kuwa amefuzu. Aidha, katika miaka ya 1940 alivipeleka vitabu mitaani kwa gari la kukokotwa na farasi, akiwafuata wasomaji ambao hawakuwa na desturi ya kufika maktaba.

Juhudi hizo zilikuwa na udhaifu mmoja. Maarifa yaliyopatikana Baltimore yalibaki Baltimore, na mkutubi wa mji mwengine alilazimika kuanza upya, kukosea upya na kujifunza upya. Jumuiya ya kitaaluma ndiyo dawa ya udhaifu huo.

KUUNDWA KWA JUMUIYA

Jumuiya ya Maktaba ya Marekani, kwa kifupi ALA, iliundwa mjini Philadelphia mwaka 1876. Kwa muda mrefu ndani yake wakutubi wa vijana walikuwa pamoja na wakutubi wa watoto. Mwaka 1957 walitenganishwa na kupewa idara yao wenyewe, na mwaka 1992 idara hiyo ikachukua jina la Jumuiya ya Huduma za Maktaba kwa Vijana, inayofahamika kwa kifupi kuwa YALSA.

Kutenganishwa huko kulikuwa na maana ya kiutendaji. Wakutubi wa vijana walipata kamati zao, bajeti yao na sauti yao katika vikao vya jumuiya kuu. Mwaka 1981 idara ilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya ujuzi unaotakiwa kwa mkutubi wa vijana. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo, yakiwemo marekebisho ya mwaka 2010 na ya mwaka 2017. Kwa mkuu wa maktaba, orodha ya namna hiyo ni kipimo cha kuajiri na cha kufundisha; kwa mkutubi mwenyewe, ni kinga dhidi ya kauli kwamba kazi yake ni ya kunyamazisha watoto tu.

KAZI YA KAMATI

Wapo wanaodhani kwamba kushiriki katika jumuiya ni kulipa ada, kupokea jarida na kuhudhuria mkutano. Hayo ni mlango tu. Kazi yenyewe hufanyika katika kamati, na mfano ulio wazi ni kamati ya Tuzo ya Michael L. Printz.

Tuzo hiyo imepewa jina la mkutubi wa skuli wa mji wa Topeka, katika jimbo la Kansas, na ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Mshindi wa mwanzo alikuwa Walter Dean Myers kwa kitabu chake Monster, kinachoeleza habari za kijana wa miaka 16 aliyeshitakiwa mahakamani kwa kesi ya mauaji. Kamati ina wajumbe 9. Wajumbe husoma vitabu vya vijana vilivyochapishwa katika mwaka unaohusika, hupendekeza vile wanavyoviona bora, kisha hukutana faragha na kuvijadili kimoja kimoja mpaka kipatikane kimoja cha kushinda. Vingine visivyozidi 4 huweza kutajwa kwa heshima. Kipimo ni ubora wa uandishi. Wingi wa mauzo hauhesabiwi.

Mjumbe wa kamati ya namna hiyo hurejea kazini kwake akiwa mtu mwengine. Amesoma vitabu vingi kuliko alivyopata kusoma kabla, amejifunza kutoa hoja badala ya kusema "nimekipenda" au "sikukipenda", na amezoea kushindwa katika mjadala bila ya kuweka kinyongo. Faida hiyo huwafikia hata wasomaji wa mtaani kwake, ambao huenda wasijue kabisa kwamba kamati hiyo ipo.

KINGA YA MKUTUBI NA HAKI YA MSOMAJI

Faida nyengine ya jumuiya huonekana siku ya mgogoro. Vitabu vya vijana hugusa mambo mazito: mapenzi, ulevi, vita, dini na ugomvi wa nyumbani. Hutokea mzazi au kiongozi akadai kitabu fulani kiondolewe rafuni. Mkutubi aliye peke yake ana njia mbili, na zote ni mbaya: kukiondoa kimya kimya, au kubishana kwa maoni yake binafsi.

Jumuiya humpa njia ya tatu, ambayo ni utaratibu ulioandikwa. Mwaka 1967 ALA iliongeza umri katika Hati yake ya Haki za Maktaba, kwa maana kwamba mtu asinyimwe haki ya kutumia maktaba kwa sababu ya umri wake. Mwaka 1972 ikatoa ufafanuzi maalumu kuhusu wasomaji wadogo. Ufafanuzi huo unatambua kuwa mzazi ana haki na wajibu wa kumwongoza mtoto wake mwenyewe, lakini haki hiyo haivuki mpaka ikawafika watoto wa watu wengine.

Kila nchi ina mila na sheria zake, na si lazima uamuzi wa Marekani uwe ndio uamuzi wa kila mahali. Jambo la kuzingatia ni utaratibu: maktaba iwe na sera ya maandishi ya kuchagua vitabu, malalamiko yapokelewe kwa maandishi, na kitabu kisomwe chote kabla ya kuamuliwa. Hapo mzazi husikilizwa kwa heshima, na mkutubi naye haachwi abebe mzigo peke yake.

KUFANYA KAZI PAMOJA NA VIJANA

Mwaka 2014 YALSA ilitoa ripoti kuhusu mustakabali wa huduma hizi. Fikra yake kuu ni kwamba huduma ziandaliwe kwa ajili ya vijana na pamoja nao. Zamani mkutubi alipanga, na kijana akapokea. Sasa kijana hutakiwa kushiriki katika kuchagua vitabu, kupanga shughuli na hata kuwafundisha wenzake. YALSA yenyewe ilikwisha kuionesha njia hiyo kwa orodha ya vitabu kumi bora ambayo vijana wenyewe hupendekeza vitabu na kuvipigia kura.

WAJIBU WA MSHIRIKI

Kutokana na maelezo hayo, mkutubi anayeingia katika jumuiya ya wenzake anapaswa kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Achangie kabla ya kudai. Taarifa fupi ya shughuli iliyofanyika katika maktaba yake, pamoja na sababu za kufaulu au kutofaulu kwake, ina thamani kubwa kwa mwenzake wa mbali.

(b) Atunze siri za wasomaji. Anapoeleza habari za kijana aliyemhudumia, asimtaje jina wala asitoe alama za kumtambulisha.

(c) Atimize ahadi. Mjumbe asiyesoma vitabu alivyokabidhiwa huwadhulumu wenzake na huwadhulumu waandishi.

(d) Arejeshe alichokipata. Aliyetoka mkutanoni aandike ripoti na kuwafundisha watumishi wenzake. Kinyume cha hivyo, safari huwa ni matembezi.

NAFASI YA VISIWANI

Mtumishi wa maktaba visiwani huwa na wenzake wachache wa fani moja, na bahari huongeza umbali. Kwa sababu hiyo haja ya jumuiya kwake ni kubwa zaidi kuliko kwa mtumishi wa mji mkubwa wenye maktaba nyingi. Milango ipo. Shirikisho la Kimataifa la Jumuiya na Taasisi za Maktaba, IFLA, lililoundwa mwaka 1927, lina sehemu inayoshughulikia maktaba za watoto na vijana. Mwongozo wake wa huduma za maktaba kwa vijana ulitolewa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2008, nao uliandikwa kwa ajili ya nchi za hali zote, tajiri na maskini. Karibu zaidi upo mkutano wa wakutubi wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, SCECSAL, ambao kikao chake cha mwanzo kilifanyika Dar es Salaam mwaka 1974.

Hata bila ya safari, jumuiya huweza kuanza kwa hatua ndogo: mkutubi wa maktaba ya umma wa Unguja, mwenzake wa Pemba na walimu wanaosimamia maktaba za skuli wakikubaliana kusoma kitabu kimoja kila mwezi na kuandikiana maoni, kazi imeshaanza. Gharama yake ni ndogo, na kanuni yake ni ile ile ya Baltimore: asiyesoma hawezi kusomesha.

Wakuu wa idara wanashauriwa kuitambua kazi ya kamati na ya mikutano ya kitaaluma kuwa ni sehemu ya utumishi, na ruhusa inayotolewa kwa ajili hiyo isihesabiwe kuwa likizo. Walimu na masheha wanashauriwa kuwafahamisha wakutubi juu ya vijana wanaopenda kusoma na wasio na vitabu. Wazazi nao, kabla ya kulalamika kwamba kijana wa siku hizi hasomi, ni vyema wafike naye maktaba na kuuliza rafu yake iko wapi. Pakiwa hapana rafu hiyo, swali lenyewe litakuwa limeshamkumbusha mhusika wajibu wake.