Mzigo Ukilowa Ziwani, Nani Anaamua? Somo Kutoka Mkutano wa Wasuluhishi wa Meli

RUMONGE – Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Rumonge aliyeagiza saruji kutoka Kigoma. Boti inafika, lakini robo ya mifuko imelowa na kuganda. Mnunuzi anataka alipwe. Mwenye boti anasema mzigo ulifunikwa vibaya tangu bandarini. Mnunuzi ni Mrundi, muuzaji yuko Tanzania, na boti imeandikishwa Kongo. Je, shauri hili lipelekwe mahakama ya nchi gani?

Wenye meli za baharini wamekutana na swali hili kwa muda mrefu, na jibu lao kubwa ni usuluhishi. Pande mbili zinakubaliana ndani ya mkataba, kabla ya ugomvi wowote, kwamba wakikosana watamkabidhi shauri mtu anayeijua kazi ya meli. Uamuzi wake huitwa tuzo, na kwa kawaida ni wa mwisho.

Mkutano ulioanzia Moscow

Wasuluhishi hao wana mkutano wao wa kimataifa, unaojulikana kwa kifupi kama ICMA. Wa kwanza ulifanyika Moscow mwaka 1972. Mji huo haukuwa mgeni katika kazi hii, kwani Umoja wa Kisovieti ulikuwa na tume yake ya usuluhishi wa mambo ya bahari tangu 1930. London chama cha wasuluhishi wa meli kilianzishwa 1960, na New York 1963.

Ulikuwa wakati wa vita baridi. Hata hivyo, meli za Mashariki zilibeba mizigo ya Magharibi, na za Magharibi vivyo hivyo. Ugomvi wa kibiashara haukusubiri wanasiasa wapatane. Ilibidi wasuluhishi wa pande zote wafahamiane na waelewe kila mmoja anavyofanya kazi.

Tangu hapo mkutano umekuwa ukihama mji hadi mji, kila baada ya miaka miwili au mitatu hivi. Ulikwenda London 2004, Singapore 2007, Hamburg 2009, Vancouver 2012, Hong Kong 2015, Copenhagen 2017 na Rio de Janeiro Machi 2020. Mhadhara mmoja wa mkutano umepewa jina la Cedric Barclay, msuluhishi maarufu wa London.

Mkutano huo hauamui kesi wala hautungi sheria. Wajumbe huleta mada, hulinganisha tuzo na taratibu za nchi zao, na hujadili malalamiko ya wateja, hasa gharama na ucheleweshaji.

Malalamiko hayo yana uzito. Usuluhishi ukigharimu kuliko mzigo wenyewe, mfanyabiashara mdogo hana faida nao. Ndiyo maana chama cha London kilianzisha utaratibu wa madai madogo mwaka 1989: msuluhishi mmoja, ada iliyopangwa, na mara nyingi uamuzi hutolewa kwa kusoma nyaraka tu bila watu kusafiri.

Na ziwa letu je?

Tuzo ina maana kama inaweza kutekelezwa nchi nyingine. Nguvu hiyo inatokana na Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi wanachama kutambua tuzo zilizotolewa nje, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Tanzania ilijiunga 1964, Zambia 2002, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2014. Kwa hiyo nchi zote nne za Ziwa Tanganyika zimo.

Msomaji asichanganye mkataba huo na ule wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam Juni 12, 2003. Huo unahusu wajibu wa nchi juu ya ziwa, na hautamlipa mtu saruji yake.

Vituo vya usuluhishi navyo vipo karibu. Bujumbura kuna CEBAC, Kigali kituo kilizinduliwa 2012, na Nairobi kipo kilichoundwa kwa sheria ya 2013. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, nayo inaweza kusuluhisha pale pande zinapokubaliana hivyo katika mkataba wao.

Kinachohitajika zaidi ni maandishi. Bila kifungu cha usuluhishi, mwenye mzigo anaweza bado kumwomba mwenzake wakubaliane baada ya ugomvi kutokea, lakini anayedaiwa hana haraka ya kukubali. Atakayebaki na hasara atalazimika kuifuata mahakama ng'ambo ya ziwa, kwa nauli yake na kwa lugha ambayo huenda haijui.

Kabla ya kupakia, mwenye mzigo na mwenye boti waandike mambo matano: shauri litaamuliwa na kituo gani, mjini gani, kwa sheria ya nchi gani, kwa lugha gani, na na wasuluhishi wangapi. Kwa mizigo ya kawaida ya Rumonge, msuluhishi mmoja anatosha.

Pia ihifadhiwe hati ya shehena inayoeleza hali ya mzigo ulipopakiwa, pamoja na picha za siku ya kushusha. Msuluhishi, awe London au Bujumbura, ataanza kwa kuuliza karatasi hizo.